Mikanda Miwili na Bakuli la Cecil

Shule ya Wasichana, Masasi
12 Mei 1957

Mjomba wangu Benedikto,

Shikamoo. Na Mama Stamili shikamoo yake, na mtoto Stamili mpe busu la shavu kwa niaba yangu. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mama. Anasema bomba la serikali limefika Newala lakini goti lake halijapata habari, maana sisi wa Kitangari bado tunateremka bondeni na ndoo kama zamani. Baba yuko Lindi kwenye mkonge. Hajaandika.

Mwalimu wetu wa Kiingereza anatufundisha kuandika barua. Anasema salamu ziwe mstari mmoja, kisha jambo. Mimi barua za namna hiyo naziona kama mtu aliyeingia uani bila hodi. Sikumwambia, unanijua. Darasani hata nikijua jibu ulimi unalala. Kalamu tu ndiyo hailali.

Mdogo wangu Cecil anakusalimia sana. Amewaambia watoto wote wa Kitangari kuwa mjomba wake ni bingwa wa Tanganyika, na anayebisha wanapigana. Hupigwa yeye. Bado hali mbaazi. Akiwekewa, anazisukuma moja moja mpaka ukingoni mwa bakuli, anazipanga mstari kama askari wa gwaride, halafu anamalizia ugali kwa mchuzi mtupu. Mama anamwambia, "Utaoa wapi wewe? Mwanamke gani wa Newala hapiki mbaazi?" Naye anajibu, "Nitaoa Dar es Salaam kama mjomba."

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu kuna jando, wavulana wanaingia kumbini mwezi wa Julai baada ya mavuno. Mama anataka Cecil aingie. Lakini mtoto ni wako, wewe ndiye mjomba, bila neno lako Mzee Edmund mwenye kumbi hampokei. Mama anaomba neno lako na nguo mpya ya kutokea. Na mimi naomba habari ya ngumi yako ya Juni. Wasichana wenzangu wananiuliza, nami nakaa kimya kama sijui, lakini moyoni najivuna mpaka naona aibu.

Mpwa wako,
Ethel


Dar es Salaam
2 Juni 1957

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba, marahaba tena, hodi yako nimeiitikia, karibu ukae. Mama Stamili anasema wewe unaandika kama mtu mzima mwenye wajukuu. Stamili amepata busu, akafuta shavu.

Neno langu hili hapa: Cecil aingie. Nguo naituma na Gervas dereva, kaniki moja na kitambaa cheupe cha siku ya kutoka, na kofia nimeongeza mwenyewe, asije akatoka kichwa wazi mpwa wa bingwa. Mwambie dada asilie. Hata mimi niliingia pale pale kwa Mzee Edmund, nikamaliza, na tazama nilivyo mzuri.

Habari ya ngumi nikueleze vizuri uwafunge midomo hao wasichana. Mji huu una klabu mbili. Sisi wapagazi wa bandarini tuna Klabu ya Nanga, wale wengine Klabu ya Nyota. Kila klabu ina mkanda wake, na kila mkanda umeandikwa Bingwa wa Tanganyika, uzani wa kati. Wetu mwekundu, ninao mimi, unalala chini ya mto. Wao wa kijani, anao Mahmudu, seremala mmoja, Myao wa Tunduru. Basi nikipita sokoni watu wanasema, "Bingwa huyo!" na mwingine anajibu, "Bingwa gani, bingwa yuko Nyota." Nimechoka, mwanangu. Ubingwa wa nusu ni kama kuvaa kiatu kimoja, bora pekupeku.

Sasa wamekubaliana. Jumamosi tarehe 22 tunakutana, atakayeshinda anavaa yote miwili, na huo ndio utakuwa mwisho wa maneno. Nitampiga. Siandiki kwa majivuno. Nimemwona akicheza, anashusha mkono wa kulia kila akichoka.

Ni mimi mjomba wako,
Benedikto, bingwa wa nusu


Kitangari
14 Julai 1957

Mjomba,

Shikamoo. Niko nyumbani likizo. Mama mzima, goti lile lile. Mikorosho imechanua, uani kunanuka vizuri. Nguo zimefika, kofia pia. Mama aliinusa ile kofia akasema ina harufu ya mji.

Nilisoma shuleni katika gazeti kuukuu la Kiingereza kwamba hata huko Ulaya na Amerika mambo ni hayo hayo. Kuna wakati dunia nzima inakuwa na mabingwa wawili wa uzani mmoja, huyu ana chama chake na yule chake, mpaka wapigane ndipo mikanda iwe mmoja. Kwa hiyo usione haya. Nilifurahi nikajiambia, kumbe mjomba wangu ana shida ya kidunia.

Lakini mbona kimya? Tarehe 22 imepita zamani. Umeshinda? Umeumia?

Cecil ameingia kumbini Jumatatu iliyopita. Asubuhi alinishika mkono mpaka njia panda, kisha akauachia ghafla maana wenzake walikuwa wanatazama. Padre alikuja kuwabariki. Akatuambia wanawake kuwa miiko ya zamani si lazima, Mungu anatosha. Wanawake wakaitikia "Amina", wakarudi nyumbani wakaficha chumvi. Mama naye. Tunakula bila chumvi, hatupigi kelele, hatugombani, ili kidonda cha mtoto kipone. Mimi niliyesoma kuhusu vidonda kwenye kitabu cha Kiingereza nimeficha chumvi pamoja nao, na ninaogopa kama wao.

Mama anasema mwiko unamfunga mjomba pia. Usile chumvi, usigombane, na zaidi ya yote usimtoe mtu damu mpaka mtoto atoke. Nikamwambia, "Mama, mjomba alishapigana Juni, yamekwisha." Akasema, "Basi heri. Ila mwandikie, ajue mtoto yuko ndani."

Chakula napeleka mimi. Tunakiacha kwenye jiwe la mpakani mwa kumbi, Yohana kungwi anakuja kukichukua, jioni narudi kufuata bakuli. Juzi nilipolichukua nikacheka peke yangu njiani. Mbaazi zilikuwa ukingoni, mstari mmoja, gwaride. Hata kumbini! Basi nikajua mkono wake mzima na kichwa chake kigumu vile vile.

Mpwa wako,
Ethel


Dar es Salaam
28 Julai 1957

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima. Stamili ameota jino.

Barua yako imenikuta mahali pabaya. Ngumi ya Juni haikuwapo. Mahmudu alishikwa na homa, wakaahirisha. Sikuandika kwa sababu nilisubiri tarehe mpya niwape habari kamili. Tarehe mpya ni Jumamosi, 17 Agosti. Cecil atakuwa bado ndani.

Nilikwenda kwa katibu wa klabu yetu, nikamweleza. Nikamwambia nina mtoto kumbini, tusogeze mpaka Septemba. Akacheka mpaka miwani ikashuka. "Benedikto, na wewe umekaa mjini miaka yote hii?" Akaniambia tiketi zimeuzwa, asiyepanda ulingoni mkanda wake unachukuliwa bila ngumi hata moja. Nikaondoka. Nikafikiri nimwendee Mahmudu mwenyewe, yeye Myao, jando analijua. Nikafika mpaka mlangoni pa karakana yake, nikasikia anapiga randa na kuimba. Nikaona atasema namwogopa. Nikageuka.

Usiku na mchana nafikiri, na nimepata njia. Mwiko mkubwa ni damu. Basi usoni sitamgusa. Nitampiga mwilini tu, mbavu na tumbo, raundi zote kumi, nishinde kwa pointi. Na ugomvi si ugomvi, tunapeana mikono kabla na baada. Chumvi nimeacha tangu niliposoma barua yako. Mama Stamili anapika vyungu viwili na kunicheka, "Bingwa anakula kama mgonjwa." Nikikimbia asubuhi misuli ya miguu inakaza kama kamba iliyolowa. Miiko mingine ninaishika lakini sikutajii, wewe mtoto.

Usimwambie dada. Goti linamtosha.

Na Cecil? Bado anapanga gwaride?

Mjomba wako,
Benedikto


Kitangari
11 Agosti 1957

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Tunaendelea. Jua kali, visima vya bondeni vimepungua, tunatoka alfajiri na tunakuta wengine wameshatangulia. Mbuzi wa jirani amekula gauni langu la shule, lile la bluu, amebakiza mkono mmoja. Mama anasema nitapeleka shuleni huo mkono kama ushahidi. Mama hajambo. Anapika vizuri na siku hizi anaimba jikoni. Mikorosho inaendelea vizuri. Baba ameandika mistari miwili.

Mjomba, nataka kukuambia neno na sijui kulisema. Tarehe 17 wewe pigana. Piga popote. Usoni, mwilini, popote unapoona pako wazi. Na chumvi kula, kuanzia leo. Ukiulizwa, sema mpwa wangu ameniruhusu.

Usiniulize kwa nini. Nakimbia Newala posta sasa hivi, Mungu aifikishe mapema.

Ethel


Dar es Salaam
27 Agosti 1957

Mpwa wangu Ethel,

Salamu kwa wote. Barua yako ya tarehe 11 imefika jana, tarehe 26. Lori liliharibika Rufiji, ndivyo alivyosema karani wa posta. "Piga popote." Nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua. Najua wewe ni msomi na unataka kunipunguzia mzigo. Asante. Imechelewa.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, usipunguze unapomsomea mtu, na bora usimsomee mtu.

Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Raundi ya kwanza mpaka ya sita nilimpiga mwilini kama nilivyokuambia. Watu wa Nyota wakapiga kelele, "Mmakonde anachonga! Anatafuta kinyago tumboni!" Wakacheka wote, hata wetu. Lakini Mahmudu hakucheka. Ngumi za mbavu zilimwingia. Raundi ya saba akaanza kushusha ule mkono wa kulia, uso wake ukabaki wazi mbele yangu kama mlango. Mara ngapi ulikuwa wazi, sitaki kukumbuka. Kona yetu wanalia, "Kichwani, Benedikto! Maliza!" Mimi tumbo, mbavu, tumbo. Miguu ilikuwa inakakamaa kwa kukosa chumvi lakini nilikuwa mbele, Ethel. Refa mwenyewe ameniambia baadaye, nilikuwa mbele kwa mbali.

Raundi ya tisa nikatupa ngumi ya tumbo, na yeye kwa uchovu akainama. Akaileta pua yake mwenyewe kwenye glavu yangu. Nikasikia mfupa. Akasimama wima, na damu ikatoka, ikadondoka kifuani kwake, na tone moja kwenye turubai nyeupe, karibu na kiatu changu.

Watu wakasimama kushangilia. Mimi nikalitazama lile tone. Nikamwona Cecil na kofia yangu. Mikono ikashuka yenyewe, sikuishusha mimi. Nilikuwa nimemwona Mahmudu anakuja na wa kushoto, nikaona ni haki.

Nilipozinduka alikuwa amevaa yote miwili, mwekundu na wa kijani, mmoja juu ya mwingine. Baadaye akanifuata chumbani, pamba puani. Akaniuliza, "Kwa nini umeniacha?" Nikamwambia. Akakaa kwenye benchi. Akasema, "Mimi nina wapwa watatu. Ungeniambia, Benedikto, ningejifanya mgonjwa mpaka Septemba." Akaondoka bila kunipa mkono, si kwa chuki.

Klabu haisemi nami. Wanadai niliuza pambano.

Sasa nijibu moja tu. Cecil yukoje? Barua yako ya mwisho imetaja mbuzi, gauni, mikorosho na baba yako. Cecil hukumtaja. Nijibu upesi.

Benedikto


Shule ya Wasichana, Masasi
15 Septemba 1957

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini Stamili na mama yake ni wazima.

Nimejaribu barua hii kwa Kiingereza kwanza, kwa sababu ile lugha inaruhusu mtu aanze na jambo. Niliandika mstari mmoja, nikaona ni maneno ya mtu mwingine kuhusu mtoto wa mtu mwingine. Nikachana. Naanza upya kwa lugha tunayosalimiana.

Wavulana wametoka kumbini Jumamosi, tarehe 7. Ngoma zilianza asubuhi. Mama alivaa kanga mpya, akabeba ile kofia yako mkononi. Wanawake tulisimama mstari. Kabla wavulana hawajatoka, makungwi hutoka na mabakuli kumrudishia kila mama lake, nawe unajua zaidi yangu bakuli linasema nini. Yohana alikuja mbele ya mama, macho chini. Akalipasua kwenye jiwe, akamwekea vipande miguuni.

Basi. Cecil hayupo. Alishikwa na homa, taya likakaza, shingo ikarudi nyuma. Walimzika huko huko. Wakati kijana yuko kumbini kifo hakitajwi, wala mama haambiwi, ili vidonda vya wenzake visiharibike. Mama alikuwa akipika siku zote hizo.

Mjomba, na hili lazima nikuandikie kama lilivyo. Redio ya dukani Newala ilishatangaza mwezi uliopita kuwa mikanda imeunganishwa na wewe ulikuwa ulingoni, mwenzako akatoka damu. Watu walikuwa wanajua. Mama alipoviona vile vipande hakulia kwanza. Alisema mbele ya watu wote, "Ndugu yangu amemtoa mtu damu, na mwanangu amelipa." Ndipo akalia. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilikuwa na barua yako ndani ya gauni. Ulimi ulilala.

Sina neno jingine. Sala zangu ni zako pia.

Ethel


Dar es Salaam
1 Oktoba 1957

Ethel,

Dada amesema kweli. Damu ilitoka, niliiona.

Nimempa kijana mmoja glavu zangu. Bandarini naenda na kurudi. Msinisubiri matanga. Mjomba aliyemwua mtoto hawezi kuja kufagia kaburi lake. Mtafuteni mwingine wa ukoo afagie, mimi sitapanda tena uwanda huo.

Ile nguo nyeupe mpeni mtoto mwenye shida.

B.


Kitangari
20 Oktoba 1957

Mjomba wangu Benedikto,

Shikamoo. Shikamoo tena, mara hii itikia, hata kama uko peke yako chumbani. Nimeomba ruhusa shuleni, nimesema mama anaumwa, na si uongo. Korosho zimeanza kudondoka. Baba amekuja, amekaa, amerudi Lindi.

Nilikuficha kitu. Nilipoandika Septemba nilikificha kwa makusudi, nikakaa nacho, kila usiku mabweni yakilala nakitazama. Leo nakitoa.

Unakumbuka gwaride la mbaazi. Tangu Cecil alipoingia, kila jioni bakuli lilirudi na mstari wake ukingoni. Ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu, ingawa yeye hakujua kuwa ananisalimu. Jioni moja, mwanzoni mwa Agosti, nilikwenda mpakani nikalikuta bakuli jeupe. Hakuna mbaazi hata moja, limepanguswa kwa kidole. Yohana alikuwa anaondoka haraka. Nikamwita, "Kaka Yohana, leo amekula mbaazi?" Akasema bila kugeuka, "Amekula zote." Nikasimama pale na bakuli. Mjomba, Cecil angekula jiwe kabla ya mbaazi. Kesho yake bakuli jeupe. Keshokutwa yake jeupe. Chakula chake kilikuwa kinaliwa na mtu mwingine.

Ndipo ilipofika barua yako ya chumvi na mbavu. Nikakuandikia piga popote. Sikuwa msomi anayedharau mwiko. Nilikuwa nimejua kuwa hakuna tena mtoto wa kulindwa. Nisingeweza kuandika hivyo, maana kifo cha kumbini hakitajwi, na pia kwa sababu nilitumaini ninakosea.

Hesabu mwenyewe. Ngumi yako ilikuwa tarehe 17. Haikumwua Cecil. Alikuwa amelala chini ya udongo zaidi ya juma. Damu ya Mahmudu haina habari naye.

Sasa unaona kwa nini nilinyamaza. Nikinyamaza, unabaki muuaji. Nikisema, unajua kuwa uliiacha mikanda yote miwili, na miguu yako ikakakamaa, na watu wakakucheka, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwapo. Sikujua kipi kitakuuma zaidi. Kisha ikaja barua yako yenye herufi moja mwishoni badala ya jina, nikaona nimechagua vibaya.

Na mama? Nilimwogopa mama kuliko wewe. Yeye siku zile za bakuli jeupe alikuwa akiwaambia majirani, "Mwanangu amekua! Kumbini wamemfundisha, sasa anakula mbaazi!" Alikuwa anaimba. Nilijiambia, nikimweleza ya mbaazi, atajua kuwa alikuwa anaimba akimpikia marehemu. Afadhali amlaumu ndugu yake.

Jana nimemkuta uani anapanga korosho. Nikakaa chini, nikamsomea barua zako za Julai na Agosti zote, sikupunguza. Chumvi, karakana, randa, mbavu, tone la damu, mikono iliyoshuka. Sikuwahi kusoma kwa sauti mbele ya mtu mpaka mwisho bila kukwama. Hakunitazama. Nilipomaliza nikasema, "Mama, mjomba hakumwua. Cecil alikufa kabla. Mimi nilijua kwa mbaazi."

Mama akaokota korosho moja, akaitupa kapuni. Akasema, "Na mimi."

Nikadhani sikusikia.

"Ethel, mimi nimemnyonyesha yule. Nisijue asichokula? Bakuli la kwanza ulilolileta jeupe, nilikwenda chooni nikaing'ata kanga mpaka ikatoboka. Nikatoka nikaimba."

"Mbona ulikuwa unafurahi, mama?"

"Nilikuona uso wako ulivyoingia uani na lile bakuli. Nikasema huyu asijue. Na kule ndani kulikuwa na watoto wa wenzangu, vidonda vibichi. Mama akilia kabla ya siku, anawaulia wenzake. Nikapika. Mbaazi zile walikula wenzake Cecil. Walipona wote, umewaona."

Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamfichia mwenzake kitu kimoja, jiko moja, bakuli moja.

Nikamwuliza basi kwa nini alikutaja wewe mbele ya watu, ikiwa alijua. Akasema, "Kilio kilikaa tumboni siku nyingi, kikaoza. Kilipotoka kikamtafuta aliye mbali. Aliye karibu angenijibu." Halafu akasema, "Soma tena pale alipoiona ile damu."

Nikasoma.

"Soma tena pale mikono iliposhuka."

Nikasoma tena, na tena. Ndipo akanipa maneno haya, nami nayaandika alivyoyasema, ni yake si yangu:

"Mwambie ndugu yangu, nilimsema vibaya mbele ya watu, na mbele ya watu nitamsafisha. Mwambie alikuwa na mikanda miwili mkononi akaiacha kwa ajili ya mwanangu. Cecil hakuiona. Mimi nimeiona."

Mjomba, mama hajanyoa nywele. Matanga hayajaondolewa, na kaburi halijafagiliwa, majani ya mikorosho yamelifunika. Mzee Edmund alitaka kumtafuta mwingine wa ukoo kama ulivyosema. Mama akamkatalia, akasema mwenye kufagia yupo, amechelewa tu, kama lori la Rufiji. Ufagio ameukata mwenyewe leo asubuhi, akaufunga kwa kipande cha ile nguo nyeupe, akausimamisha nyuma ya mlango.

Mchana huu alipika mbaazi, mara ya kwanza tangu siku ile. Akatia chumvi. Tulikula pamoja. Nilipotazama bakuli lake, alikuwa amezisukuma zote ukingoni.

Mvua hazijaanza, njia bado kavu. Njoo kabla mto haujajaa.

Mpwa wako,
Ethel